Ukifuta Faili, Je, Imefutika?

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, siku ya mafunzo ya makatibu na waweka hazina

 

Nimeombwa nizungumze juu ya kompyuta. Najua wengine mliguna mlipoona neno hilo kwenye ratiba. Mnasema, "Sisi kikundi chetu kina madaftari mawili na sanduku la kufuli tatu, kompyuta ni ya nini?" Lakini hebu tuulizane. Ni kikundi gani hapa ambacho hakijawahi kupeleka orodha ya wanachama saiba ikapigwe chapa? Ni nani ambaye kitambulisho chake hakijawahi kupigwa picha kwa simu na kutumwa kwa katibu? Sioni mkono. Basi sote tumo.

Katika vikundi tunaandika mambo mengi ambayo si ya kila mtu kusoma. Nani ana mkopo na amechelewa miezi mingapi. Mjane gani anasaidiwa unga. Mtoto wa nani alilipiwa karo kwa sababu baba alikataa. Na wale wenye vikundi vya wanaoishi na virusi vya ukimwi, ninyi mna orodha ambayo jina moja likitoka nje laweza kumvunjia mtu ndoa au kumkosesha kazi. Mtu alikupa habari hizo kwa sababu alikuamini.

Kwa daftari tunajua la kufanya. Likichakaa tunalichoma, na majivu hayasomeki. Shida ni kwamba wengi wetu tunadhani kufuta kwenye kompyuta ni sawa na kuchoma. Sivyo hata kidogo, na hilo ndilo jambo nililokuja kuwaambia.

Chukueni daftari la kurasa 200. Kwenye ukurasa wa kwanza katibu ameandika yaliyomo: akiba ukurasa wa 3, mikopo ukurasa wa 40, wagonjwa ukurasa wa 112. Siku moja mnamwambia aondoe ile orodha ya wagonjwa. Anachukua kalamu, anapiga mstari juu ya neno "wagonjwa" pale mwanzoni, halafu anafunga daftari. Ukurasa wa 112 bado uko, na majina yote yako. Mtu akifungua moja kwa moja katikati, anasoma kila kitu. Je, mngesema ameondoa? Mngemkaripia!

Sasa kompyuta hufanya kama katibu huyo. Ina orodha yake inayoonyesha kila faili iko sehemu gani ya diski. Ukibonyeza kitufe cha kufuta, kwanza faili haiendi popote, inahamishiwa tu kwenye lile pipa la takataka linaloonekana kwenye kioo, ambapo mtu yeyote anaweza kuirudisha. Ukimwaga pipa, kompyuta inapiga mstari kwenye orodha yake na kusema, "Mahali hapa sasa pana nafasi." Maneno yenyewe yanabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Yaweza kuwa kesho, yaweza kuwa baada ya miaka. Programu za kurudisha faili za namna hiyo ni nyingi, nyingine ni za bure, na kijana aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuzitumia mchana mmoja.

Hata ile kazi mafundi wanaita kufomati, ikifanywa kwa njia ya haraka, ni kuchana tu ule ukurasa wa yaliyomo. Kurasa nyingine zinabaki. Kwa hiyo fundi akikuambia, "Nimefomati, mama, iko safi," muulize: kwa njia ya haraka au kamili?

Mtu asidhani natisha watu. Wanafunzi wawili wa chuo cha MIT kule Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walinunua diski 158 zilizokuwa zimetumika, na mwaka 2003 wakachapisha waliyoyaona. Diski 129 ziliweza kusomwa. Kati ya hizo, ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Nyingine zilikuwa na barua za mambo ya matibabu, na namba za kadi za benki kwa maelfu. Moja ilionekana kutoka kwenye mashine ya benki ya kutolea pesa, na hesabu za mwaka mzima zilikuwa bado zimo. Hao walioziuza walikuwa watu wenye ofisi na mafundi.

Afrika nako yametokea. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walikwenda Ghana kufuatilia kompyuta kuukuu zinazotupwa kule na nchi tajiri. Walinunua diski kuukuu sokoni, wakazifungua, wakakuta habari za watu binafsi na hata karatasi za kandarasi za serikali ya Marekani. Sisi tumezoea kuwa upande wa kupokea mitumba. Lakini siku hizi sisi pia tunauza na kugawa. Kikundi kikipata kompyuta mpya, ile ya zamani inapewa shule, au inauzwa kwa fundi wa mjini aitoe vipuri. Diski inakwenda na yaliyomo.

Nianze na sidii, kwa maana ziko nyingi kabatini mwetu. Zile za ripoti za miradi na picha za semina, tulizokuwa tukipeleka kwa wafadhili miaka ya 2000. Watu wengi hawajui kwamba ziko za aina mbili, na unaweza kuzitambua kwa kusoma maandishi madogo yaliyo juu yake.

Ile iliyoandikwa CD-R huandikwa mara moja tu. Ndani yake kuna rangi maalum, na mwanga mkali wa mashine huiunguza alama ndogo ndogo sana. Kilichoungua hakiunguzuliki! Kompyuta inaweza kukuonyesha kana kwamba umefuta faili iliyo kwenye sidii hiyo, lakini kilichofanyika ni kwamba imeandika orodha mpya ya yaliyomo isiyotaja ile faili. Orodha ya kwanza bado iko, na faili bado iko, na kuna programu za kusoma orodha za zamani. Kwa hiyo sidii ya CD-R haifutiki. Ukitaka yaliyomo yaondoke, uivunje.

Ya pili imeandikwa CD-RW. Hiyo inafutika na kuandikwa tena, kiasi cha mara elfu moja hivi, maana ndani yake kuna madini yanayobadilika kwa joto na kurudi. Hapa pia kuna kufuta kwa haraka na kufuta kikamilifu. Kwa haraka kunachukua dakika moja au mbili, na kunaondoa orodha tu. Kikamilifu kunapita sidii yote na kunachukua muda mrefu zaidi. Chagueni kamili, mkanywe chai wakati inaendelea. DVD nazo ni hivyo hivyo: zenye R peke yake hazifutiki, zenye RW zinafutika.

Mama mmoja hapa mbele ananiuliza kama haitoshi kuikwaruza kwa msumari upande unaong'aa. Swali zuri, mama. Haitoshi. Upande ule unaong'aa ni plastiki nene kidogo, na mikwaruzo yake inaweza kusuguliwa ikatoka. Data ya CD iko karibu na upande wa pili, ule wenye maandishi, chini ya rangi nyembamba tu. Ukikwaruza huko kwa nguvu, utaona ngozi yake inabambuka, na data inabambuka nayo. Lakini DVD imeundwa kwa vipande viwili vilivyogundishwa, data iko katikati, kwa hiyo kukwaruza hakufiki. Njia rahisi kwa zote ni kuifunga kwa kitambaa kizito na kuikata kwa makasi makubwa vipande vingi. Kitambaa ni cha lazima, kwa sababu plastiki ile inaruka kama kigae cha chupa na inaweza kuingia jichoni. Wala msizichome moto pale nyuma ya jikoni kama tunavyochoma takataka. Moshi wake ni sumu, na watoto ndio hukaa karibu na moto.

Turudi kwenye kompyuta yenyewe. Kama mnaiuza au kuigawa, dawa ni kuandika juu ya kila kitu. Ni kama kuchukua rangi nyeusi na kupaka kila ukurasa wa daftari, kuanzia wa kwanza hadi wa 200. Kompyuta zenye Windows 10 au Windows 11 zina njia hiyo ndani yake. Mnaingia kwenye mipangilio, mahali palipoandikwa Reset this PC, mnachagua kuondoa kila kitu, kisha kabla ya kukubali mnabadilisha mpangilio ule wa ziada ili isafishe diski pia. Mkiacha huo wa ziada, mmerudi kwa katibu wetu wa mstari. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, kwa hiyo iwe siku yenye stima ya kuaminika.

Mwaka 1996 mtaalamu mmoja wa New Zealand, Peter Gutmann, aliandika juu ya kuandika mara 35 juu ya diski ili yaliyomo yasisomeke kabisa. Alikuwa akizungumzia diski za enzi zile. Kwa diski za sasa zenye sahani inayozunguka, mara moja iliyofika kila mahali inatosha; hata mwongozo wa wataalamu wa viwango wa serikali ya Marekani unasema hivyo. Kwa hiyo ukisikia fundi anadai malipo ya mara 35, mwambie asante na uende kwa mwingine.

Lakini kuna diski nyingine za siku hizi zisizo na sahani, zinaitwa SSD, na flashi zetu hizi ndogo ni ndugu zake. Hizo zina tabia yake. Ili sehemu moja isichakae upesi, zenyewe huhamisha maandishi huku na huku bila kukuuliza. Ukidhani umeandika juu ya ukurasa wa 112, kumbe limeandikwa mahali pengine na nakala ya zamani imejificha. Kwa SSD, fundi atumie amri ya kufuta iliyotengenezwa kwa ajili ya diski hiyo. Kwa flashi iliyobeba majina ya wagonjwa, mimi nasema msiigawe wala msiiuze. Bei yake ni ndogo. Ivunjeni kwa nyundo, na mhakikishe mmevunja kile kipande cheusi kilicho ndani, si ganda la nje tu. Diski ngumu iliyoharibika isiyowaka nayo msimpe mtu hivi hivi eti imekufa. Haiwaki kwako, kwa mwenye vifaa inaweza kuwaka. Itobolewe kwa mashine ya kutoboa, sahani ipitwe. Nairobi kuna kituo kinachoitwa WEEE Centre kinachopokea vifaa vya namna hii, na ni bora vikusanywe na kupelekwa pamoja kuliko kutupwa shimoni.

Simu hazichukui muda mrefu kueleza. Kuanzia Android 10 ya mwaka 2019, kila simu mpya inayotoka na toleo hilo huhifadhi mambo yake kwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo. Ukiirudisha kama ilivyotoka dukani, ufunguo unafutika, na fumbo linabaki fumbo. Ondoeni kwanza akaunti zenu, laini, na ile kadi ndogo ya kumbukumbu, kwa maana kadi haifutwi pamoja na simu. Kwa mulika mwizi, fumbo hakuna. Simu ya mweka hazina iliyojaa jumbe za michango ya miaka mitano isibadilishwe sokoni kwa nyingine.

Sasa nije mahali ambapo naona hatari kubwa kuliko zote, nako ni saiba. Nimekaa pale nikisubiri zamu yangu ya kuchapisha barua, nikiangalia kioo cha kompyuta, na mafaili ya watu yamejaa kama nguo kwenye kamba. Mikataba ya mashamba. Barua za maombi ya kazi. Orodha za vikundi na namba za vitambulisho na namba za simu, mbele ya kila anayekaa kwenye kiti kile. Kijana anayehudumu si mtu mbaya. Ana wateja wengi, stima inapotea, kila mmoja anataka karatasi yake haraka. Faili ikishachapishwa, hana habari nayo tena. Na mwenye namba ya kitambulisho chako, jina lako kamili na simu yako ameshapata sehemu kubwa ya anachohitaji kukuchezea.

Kwa hiyo katibu aende na flashi ya kikundi, afungue faili ikiwa humo humo kwenye flashi bila kuihamishia kwenye mashine. Kama ilitumwa kwa barua pepe au WhatsApp, lazima imeshuka kwenye folda ya Downloads. Aifuatilie huko, aifute, amwage na pipa, atoke kwenye barua pepe yake. WhatsApp ikifunguliwa kwenye kompyuta ya saiba inaweza kubaki wazi baada ya wewe kwenda nyumbani, na anayefuata akasoma mambo ya kikundi kizima. Simu yako ina mahali pa kuonyesha vifaa vilivyounganishwa. Angalia ukiwa bado umesimama mlangoni. Na ukumbuke tuliyosema: hata hapo hujaichoma, umepiga mstari. Ndiyo maana orodha ya wagonjwa isiende saiba kabisa. Iandikwe kwa mkono, ikae sandukuni.

Sheria nayo iko. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Tangu mwaka 2006 tuna sheria ya ukimwi inayolinda siri ya hali ya mtu. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inasema habari za mtu zisiwekwe kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa kazi ile zilichukuliwa, na mwenyewe ana haki ya kuomba zisahihishwe, au zifutwe zikiwa hazina tena sababu ya kuwekwa. Kwa hiyo mwanachama aliyetoka kikundini miaka kadhaa iliyopita, akalipwa akiba yake na hesabu zikafungwa, akija kusema, "Nakala ya kitambulisho changu bado mnaifanyia nini?" asifukuzwe kama msumbufu. Ana haki ya kuuliza.

Ngoja kidogo, kwa sababu namwona mzee pale nyuma anatikisa kichwa, na nadhani najua anachofikiria. Anafikiria kwamba nimewapa waweka hazina wenye mikono mirefu dawa ya kuficha wizi. "Faili ya mikopo? Tuliambiwa kwenye semina tufute." Hapana! Vitabu vya pesa havifutwi kwa sababu mtu mmoja ameamua. Hesabu za mikopo, risiti na kumbukumbu za mikutano ni mali ya kikundi, wala si mali ya anayeshika kompyuta. Faili yoyote ifutwe baada ya mkutano kukubali, iandikwe kwenye kumbukumbu imefutwa lini na kwa nini, na wawepo watu wawili wakati wa kufuta. Mweka hazina akiondoka, akabidhi kwanza, hesabu zikaguliwe, nakala mbili ziwe mahali tofauti, ndipo afute zilizo kwenye simu na kompyuta yake mwenyewe, mbele ya aliyechukua nafasi yake.

Na yule aliyefuta kwa ujanja, mambo niliyoeleza asubuhi hii yanaweza kumgeukia. Mkikuta faili ya mikopo haipo na mnashuku, msianze kubonyeza huku na huku, msiweke programu mpya, msipige hata picha moja kwa kifaa hicho. Kizimeni. Kila kinachoandikwa sasa kinaweza kuangukia juu ya ule ukurasa mnaoutafuta. Kama diski ni ya sahani inayozunguka, fundi mzuri akiifikia mapema kuna uwezekano mkubwa akairudisha faili. Kama ni SSD matumaini ni madogo, kwa sababu nyingi hujisafisha zenyewe muda mfupi baada ya faili kufutwa. Basi hapo mtategemea ile nakala ya pili. Wasio na nakala ya pili waanze wiki hii.

Nimesema mengi, na chai inapoa. Nimeweka meza pale karibu na dirisha, kuna makasi mawili mazito, vitambaa na gunia. Wale niliowaomba mje na sidii za zamani za vikundi vyenu, kila kikundi kije na watu wawili, msome kwanza kilichoandikwa juu ya kila moja. Zenye hesabu ambazo hamna nakala yake zirudi nyumbani. Kompyuta yangu ina mahali pa kuingiza sidii, kwa hiyo ile isiyo na maandishi tutaifungua tuione kabla ya kuikata. Haya, maswali.